Neno Lisiloulizwa Sababu

Shemeji yangu hakuwahi kuvunja kitu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kila alipopata mtu wa kumsikiliza, na sisi wengine tulishalichoka. Alikuwa mbebaji katika makumbusho ya sanaa ya mkoa wetu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Vyote vilivyomo humo vimepita mikononi mwake: vinyago, mitungi, picha kubwa za rangi zenye vioo, milango iliyochongwa, mikeka ya ukutani ambayo ukiikunja vibaya mara moja tu imekwisha. Wageni wakija husoma majina ya wasanii kwenye vibao. Jina la aliyevipandisha hivyo vitu ngazi halijaandikwa popote, na hilo, ukimuuliza shemeji, ni uonevu mtupu.

Mimi nakata tiketi mlangoni. Nimeolewa na mdogo wake, na kazi hii ni yeye aliyeniombea, jambo ambalo hakuwahi kuniacha nilisahau. Basi tulikuwa tunataniana kutwa. Nikimwona anapita na kinyago chenye mashavu yaliyobonyea kama yake namwambia, "Shemeji, angalieni msije mkabadilishana." Yeye hunijibu kwamba siku nikianguka mimi hakuna mtu atakayeandika ripoti. Ndivyo tulivyokuwa, na sikuwa na mazoea ya kumwogopea.

Tangu mkewe afariki alikuwa anakula kwetu. Mezani ndiko nilikoanza kuona. Kikombe cha chai akawa anakijaza nusu tu, anakishika kwa mikono miwili, anakiinamia badala ya kukiinua. Nikamtania, mdomo wangu hauna breki. "Shemeji, siku hizi umerudi kwenye chai ya watoto?" Siku nyingine angenirudishia papo hapo. Siku ile aliishusha mikono yake chini ya meza na kumwuliza mume wangu habari za kazini. Mume wangu akaanza kusimulia, hakuona kitu. Mimi nilikiona.

Kesho yake, saa ambazo huwa hakuna wageni, aliingia kwenye kibanda changu cha tiketi, akakirudisha kile kilango kidogo, akanyoosha mkono wa kulia juu ya meza. Mkono ulikuwa umetulia. Kisha akaichukua stepla yangu, akainyanyua usawa wa kifua. Ikaanza kutetemeka. Kwanza kidogo, halafu mpaka chuma chake kikawa kinalia. Aliirudisha mezani kwa mkono wa pili.

"Mkono ukiwa hauna kitu umetulia," akasema. "Nikibeba ndio unaanza. Nikipumzika unaacha."

Nilishauona mkono ule, si kwake, kwa baba yao. Nilipoolewa nilimkuta mzee tayari analishwa kwa kijiko, na kazi hiyo ikawa yangu mimi mkwe mpya. Kijiko kilikuwa kinagonga meno yake kwa sababu na kichwa nacho kilikuwa kinatikisika. Mzee alikuwa analia kwa aibu, mimi najifanya nimemwaga mwenyewe, naomba radhi, nafuta. Wanawe wawili, wakati huo wa kula ukifika, walikuwa hawakosi shughuli nje ya nyumba.

"Usimwambie mdogo wangu," shemeji akasema.

"Atakusaidia. Ni ndugu yako."

"Akijua mimi ninao, ataanza kuutazama wake. Kila asubuhi. Najua ninachokisema, maana mimi wangu nautazama tangu tumzike baba." Akautia mkono mfukoni. "Na hapa kazini wakijua, wanaondoa vitu mikononi mwangu siku hiyohiyo. Mimi nitabaki nani?"

Nikamwambia aende hospitali. Akasema akienda ataambiwa, na kwa sasa bado hajaambiwa. Ukimsikia mtu mzima anasema hivyo unaweza kucheka. Sikucheka. Nilimwapia kwamba sitamwambia mume wangu, na kuanzia siku ile hofu yake ikahamia kwangu na virago vyake vyote. Nikawa nimekaa mlangoni, masikio yangu yako ghorofani. Kiti kikiburuzwa juu, nasimama. Mgeni ananipa pesa ya tiketi moja namrudishia mbili. Usiku mume wangu anauliza mbona sili, nasema tumbo.

Sasa lazima nieleze namna wanavyobeba, la sivyo hutaelewa kilichotokea.

Kitu kizito hawakishiki chenyewe. Hukiweka juu ya ubao wenye vishikio pande mbili, wakakifunga kwa mikanda ya kitambaa. Wanabeba wawili. Mmoja huitwa macho: anakwenda mbele kwa uso na ndiye anayesema njia, kizingiti hiki hapa, kata kushoto, bado kidogo. Mwingine huitwa mgongo: anakwenda kinyumenyume, haoni kitu, anaamini sauti tu. Kwenye ngazi za kushuka, mgongo ndiye anayekuwa chini, na uzito wote unamwelekea. Na liko neno moja, "chini." Yeyote kati ya wawili hao akilitamka, wote wanashusha hapohapo. Na sheria kubwa kuliko zote ni kwamba hakuna anayemuuliza aliyelitamka kwa nini. Wala mwenzake, wala msimamizi, wala mkurugenzi akiwa amesimama palepale na wageni wake. Shemeji ndiye aliyeileta sheria hiyo. Alisema mtu akijua ataulizwa atajikaza kisabuni ili asiulizwe, na huko kujikaza ndiko kunakovunja vitu.

Mgongo wake kwa muda mrefu alikuwa mzee mmoja aliyestaafu. Baada yake waliletewa mwanamke wa makamo, mwenye watoto, ambaye alitoka kwenye duka la samani alikokuwa akipeleka makabati majumbani kwa watu. Tukamwita Dada Makabati. Mabega yake yalikuwa mapana, maneno yake machache, na alikuwa kwenye mkataba wa majaribio. Shemeji alimfundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Lakini baada ya muda akaanza kumlalamikia. Dada Makabati alikuwa anasema "chini" mno. Wakibeba mtungi kutoka stoo, chini. Wakivuka ukumbi na picha, chini, na tena chini. Kumuuliza haruhusiwi, sheria ni yake mwenyewe. Basi akamnung'unikia Msimamizi wa makusanyo, mwanamke mpole asiyependa makelele, kwamba yule dada anachoka mapema, labda makabati yalimmaliza mgongo. Msimamizi akaitikia kwa kichwa tu. Sheria ilikataza kuuliza. Haikukataza watu kuwa na mawazo yao.

Mimi nilifurahi, nakwambia ukweli. Nilimwona Dada Makabati kama zawadi kutoka mbinguni, maana kila akisema chini, nilijua shemeji amepumzika.

Halafu mvua zikaja na paa la ghorofani likaanza kuvuja. Tuliweka ndoo huku, tukaweka ndoo kule, mwisho tone likahamia ukumbi wa Bibi.

Bibi ni sanamu ya udongo ya mwanamke aliyekaa, viganja vimelala juu ya magoti. Akiwekwa sakafuni ananifika kifuani. Ndani ni mtupu, na kuta zake ni nyembamba hata huwezi kuelewa mfinyanzi aliwezaje kumpitisha motoni mzima. Mfinyanzi mwenyewe alikuwa mwanamke wa mkoa huuhuu, na hakuna aliyekumbuka kuuliza jina lake. Kutoka begani mpaka kiunoni Bibi ana ufa mwembamba kama uzi. Wageni wakipanda juu huanzia kwake, na nimeshuhudia watu wazima wanashuka kutoka kumwangalia wakiwa kimya, wengine wanapitiliza mlangoni bila kuniaga. Akivunjika hakuna mwingine. Sasa maji yalikuwa yanamdondokea karibu na miguu, na ikaamuliwa ashushwe ukumbi wa chini.

Msimamizi akapanga. Macho atakuwa shemeji, nani mwingine. Mgongo hatakuwa Dada Makabati, kwa sababu kwenye zile ngazi hakuna pa kushushia mpaka ufike katikati penye ubapa, na mtu wa chini-chini hafai. Mgongo atakuwa dereva wetu, jamaa lenye kifua, linalocheka hovyo. Na mkataba wa Dada Makabati ukiisha hautaendelea. Habari hiyo nilipewa na katibu kwa kunong'ona, na nilipomwambia shemeji alinitazama kama mtu aliyesomewa hukumu ya mwingine na kugundua jina ni lake.

Walifanya mazoezi kwanza. Kreti lilijazwa mifuko ya mchanga kufikia uzito wa Bibi, wakalizungusha ukumbini ghorofani. Dereva hana neno chini kwenye kamusi yake. Alikwenda kinyumenyume huku anapiga soga, na shemeji akawa anasema njia, na hakuna aliyesimama. Walipofika dirishani mkono ukaanza. Shemeji alisubiri. Alinieleza mwenyewe baadaye kwamba alikuwa anasubiri Dada Makabati aseme, mpaka akakumbuka kwamba hayupo. Kishikio kikamponyoka, kreti likalala upande, mfuko mmoja ukapasuka, mchanga ukammwagikia dereva miguuni. Dereva akaomba radhi, akidhani ni yeye aliyekwenda mbio. Shemeji akaipokea ile radhi. Aliipokea, akafagia mchanga.

Kisha akashuka mpaka chumba cha kufungashia, na mimi nikamfuata kwa sababu rangi ya uso wake haikuwa ya mtu wa kuachwa peke yake. Dada Makabati alikuwa anakata sponji.

"Dada," shemeji akasema, "ulikuwa unasema chini kwa nini?"

Yule mama akaweka mkasi. "Mzee, si tumekatazwa kuulizana?"

"Nakuuliza."

"Nilikuwa naisikia mitetemo kwenye ubao." Alisema kwa upole tu, anaangalia sponji. "Inaanza mbali, kama lori linalopita barabara ya nyuma. Nikisubiri inakuja karibu. Nikisema chini, ukikaa kidogo, inatulia. Basi nikawa nasema."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mzee? Na wewe ndiye uliyenifundisha mtu asiulizwe. Nikaona ndiyo adabu ya hapa."

"Unajua kwamba mkataba wako hauendelei?"

"Nimesikia." Akachukua tena mkasi. "Nilidhani unajua kwa nini nasema. Nilidhani unaniachia niseme kwa niaba yako."

Shemeji alikaa juu ya kreti. Sijawahi kumwona mtu anaogopa namna ile katikati ya mchana, jua liko dirishani. Nikamwambia, mbele ya yule dada, aende kwa Msimamizi sasa hivi. Akasema ataenda. Akasema atakwenda baada ya chakula. Baada ya chakula akasema Msimamizi ana mgeni. Kufika jioni alikuwa anasema labda siku yenyewe mkono utatulia, kuna siku hutulia. Nilimtukana, nakiri. Nilimwambia mwanamke wa watu anakosa ugali wa watoto kwa ajili ya aibu yake. Nilifika nyumbani nikamtazama mume wangu akivua viatu, nikatamani kumwambia kila kitu, nikafyata ulimi.

Siku ya kumshusha Bibi tulifunga mlango kwa wageni. Kutoka mezani kwangu ngazi zote zinaonekana, kuanzia juu mpaka chini, na sijawahi kuichukia meza hiyo kama siku ile. Mkurugenzi alikuja na kusimama pembeni, amefunga mikono. Msimamizi alikuwa ukumbini chini, kwenye jukwaa jipya. Dada Makabati alisimama mlangoni pa chumba cha kufungashia, hakuna aliyemwita. Kijasho chembamba kilikuwa kinanitoka mgongoni na wala sikubeba kitu.

Wakatokea juu. Bibi alikuwa amefungwa mikanda na sponji, uso wake uko wazi. Dereva akateremsha mguu wa kwanza, kinyumenyume, kifua chake kiko chini ya ubao. Leo hakupiga soga. Nikaona nilichokuwa nakiogopa kila nilipofumba macho, kwamba huyu jamaa ana mke na mama mzazi, na sasa hivi udongo wote ule umeelekezwa shingoni kwake, na anayeushikilia ni mkono nilioujua.

"Chini," shemeji akasema.

Dereva akapanda tena, wakashusha pale juu, kwenye sakafu ya ukumbi. Hakuna aliyeuliza. Wakapumzika. Wakanyanyua, wakafika kwenye ukingo wa ngazi.

"Chini."

Wakashusha. Mkurugenzi akatazama saa yake, kisha akaona haya na kuishusha mikono. Kimya kilikuwa kimya cha sheria, kila mtu anaangalia kwake. Na mimi nikaelewa kwamba angeweza kukaa humo ndani ya kimya hicho mpaka Msimamizi aahirishe kazi, na hakuna mtu ambaye angejua, na Dada Makabati angekwenda zake, na jina la shemeji lingebaki safi.

"Niulizeni," akasema.

Msimamizi akajibu kutoka chini, kwa upole wake, "Hatuulizi, mzee. Pumzika tu."

"Mama, naomba mniulize."

Hakuna aliyemuuliza. Aliwafundisha vizuri mno. Basi akauinua mkono wake wa kulia, ambao bado ulikuwa unacheza kutokana na uzito, akauacha hapo juu wautazame wote. Kutoka mezani kwangu niliona vidole.

"Unatetemeka," akasema. "Si leo tu. Chini zote alizosema huyu dada zilikuwa zangu. Mimi nilikuja ofisini kwako nikamsema, naye alikuwa ananibeba mimi na mitungi yako." Akaushusha mkono. "Sitaki kumwua dereva. Mwiteni huyu dada awe macho."

Hakuna aliyepiga makofi wala kutoa hotuba. Msimamizi aligeuka akamwangalia Dada Makabati, na yule mama akapanda ngazi huku anajifuta viganja kwenye aproni. Shemeji akampisha kwenye kishikio. Akasimama ukutani, mikono nyuma, wakati sauti ya mwanamke inasema ngazi baada ya ngazi, taratibu, bado, ubapa huo, chini, na hakuna aliyemuuliza. Bibi alifika akiwa na ufa wake uleule na hakuongezewa mwingine. Mkataba wa Dada Makabati ulirefushwa kabla wiki haijaisha, na shemeji akaambiwa, kwa maneno mazuri sana, kwamba kuanzia sasa atafundisha na hatabeba. Alisema asante. Najua ilimuuma kupita kiasi.

Lakini hofu iliyobaki ilikuwa kubwa zaidi. Mji wetu mdogo, dereva angesimulia. Jioni ileile shemeji alikuja nyumbani, hakungoja chakula. Alimwita mdogo wake wakakaa sebuleni, akamwambia. Mimi nilisimama kwenye kizingiti cha jikoni na taulo mkononi, nikiwa sina haja ya taulo.

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Alimwangalia kaka yake usoni, alijitahidi, nilimwona anavyojitahidi. Kisha macho yakamshuka yenyewe mpaka kwenye mkono wake mwenyewe, uliokuwa umelala juu ya goti.

"Mke wangu alijua?" akamuuliza kaka yake.

"Nilimwapisha."

Mume wangu akanitazama. Nilijiandaa kugombezwa. Akasema tu, "Kaka, kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Wakikupima wewe, wanipime na mimi." Na shemeji, ambaye alishinda siku nzima bila kulia, akalia hapo, anasema alikuwa anataka kumkinga, na mdogo wake anamwambia basi, kaka, basi.

Asubuhi nilimpigia mume wangu pasi shati jeupe. Alisimama mbele ya kioo anafunga vifungo, kuanzia cha juu, na mimi nilikaa kitandani nikajikuta navitazama vidole vyake. Kifungo cha tatu kilichelewa kuingia. Labda tundu lilikuwa dogo, ni shati la zamani. Aliniona kwenye kioo.

"Usiangalie," akasema.

Nikageukia ukuta, nikasubiri aseme amemaliza.